Mavyaa anasema sindano ya mgongo ni ya wavivu

Assalaam alaykum Bi Mkunga,

Nina umri wa miaka 23, nakaa Konde kwa wazee wa mume wangu, na mimba yangu ya mwanzo imeingia wiki ya 33. Nasomesha chekechea, lakini sasa nimepumzika kwa sababu miguu inajaa.

Nakuandikia usiku. Mume wangu yuko baharini, nyumba nzima imelala, mimi usingizi hauji. Nikifumba macho nasikia sauti ya mwanamke mmoja. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kumtazama wifi yangu aliyejifungua, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu ana utungu. Alikuwa akimwita mama yake tu. "Mama, nakufa. Mama, nakufa." Ikasikika sauti nyengine, ya mtumishi, ikimwambia anyamaze, mbona wenzake hawapigi kelele. Nilitoka nje nikatapika, nikasingizia joto.

Nikimuuliza mtu utungu ukoje, jawabu ni moja: "Utaujua." Shoga zangu waliokwisha kuzaa wanacheka. Mama yangu mzazi yuko Unguja, naye kwenye simu ananambia, "Mwanangu, hayo hayasemwi, wewe soma dua."

Aliyenambia kitu ni binamu yangu aliyeko Muscat. Yeye alichomwa sindano ya mgongo, na nina meseji zake za siku ile ile: "Mtoto anashuka, na mimi nakula barafu." Nililitaja hilo jikoni. Mavyaa wangu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akaacha kukuna. Akasema, "Mimi nimezaa saba, watano humu humu ndani, na jirani hakujua mpaka alipomsikia mtoto. Sindano hizo ni za wavivu. Utungu ndio unaomfanya mtu akawa mama." Sitaki umdhanie vibaya, Bi Mkunga. Ndiye anayenikanda miguu kila jioni.

Mume wangu yeye anaogopa. Jirani yetu alichomwa mgongo alipopasuliwa, na mpaka leo akiinama anashika kiuno. Anasema nitapooza. Na mwenzangu mmoja wa darsa kanambia kila utungu ukija unafuta madhambi, kwa hivyo anayeukimbia anakimbia thawabu zake.

Kliniki nilijaribu kuuliza. Tulikuwa wengi, nesi ana haraka, nikanong'ona, "Samahani, kuna sindano ya utungu?" Akaniangalia, akasema, "Hiyo hupewa mtu utungu ukikataa. Wewe bado mbali." Sikufahamu, nikaona haya kuuliza tena.

Naomba unambie: sindano hii ni haramu? Inapoozesha? Inamdhuru mtoto? Mtu wa Pemba kama mimi anaipata wapi? Na kama haipatikani nifanye nini, maana naogopa nitamtia mume wangu aibu kwa makelele.

Muoga wa mimba ya mwanzo, Konde

*

Wa alaykum salaam mwanangu,

Nianze na yule nesi. Wewe ulimuuliza jambo moja, yeye akakujibu jengine, na nyote wawili mlisema kweli. Huku kwetu mtu akitaja "sindano ya utungu", watu wa leba wanafahamu ile ya kuuleta utungu au kuuongeza. Dawa yake inaitwa oksitosini, na mara nyingi hutiwa kwenye dripu pale utungu unapolegea. Hiyo haipunguzi maumivu hata chembe. Inayazidisha, kwa sababu kazi yake ni kukikaza kizazi. Nimewaona wanawake zaidi ya mmoja wakiifurahia dripu, wakidhani wameletewa nafuu, na baada ya nusu saa wananitazama kama niliyewauza. Siku nyengine sema kwa maneno haya haya: "Nataka kujua dawa za kupunguza maumivu ya kujifungua mnazo zipi, na nani anazitoa." Wala usinong'one.

Oksitosini hiyo hiyo utachomwa pajani mtoto akishatoka, uniti 10, ili usivuje damu. Ile usiikatae kabisa.

Sasa utungu ukoje. Nitakwambia, maana "utaujua" si jawabu, ni kumzidishia mtu khofu.

Chukua kanga ujifunge kibwebwe, umpe mtu aivute kwa nyuma taratibu mpaka pumzi ikubane, aishikilie, kisha aiachie taratibu. Ndivyo unavyokuja. Huanzia kiunoni au chini ya kitovu, unakaza, unafika juu kabisa, halafu unaachia. Tumbo linakuwa gumu kiasi cha kuligusa kwa kidole ukajua. Mwanzo mwanzo ni kama tumbo la hedhi, kila robo saa au zaidi, na mtu anaweza kuendelea kusonga ugali wake. Kwa mimba ya mwanzo hatua hii inaweza kula siku nzima, na ndiyo inayowachosha watu bure kwa sababu wanakesha wakihesabu badala ya kulala. Njia ikishafunguka kiasi cha sentimita 5, hapo ndipo unaposhika wenyewe: mara tatu au nne katika kila dakika 10, na kila mmoja unakwenda mpaka karibu dakika nzima. Kutoka hapo hadi sentimita 10, mzazi wa mara ya mwanzo kwa kawaida hapindukii saa 12. Kisha kusukuma, ambako kwa mtoto wa mwanzo kunaweza kufika saa 3.

Piga hesabu nami. Mara tatu kwa dakika 10, dakika moja moja. Tatu za maumivu, saba hakuna kitu. Hakuna kitu kweli! Nimewaona watu wakisinzia baina ya utungu na utungu, mmoja mpaka akakoroma, akaamshwa na uliofuata. Yule uliyemsikia nyuma ya ukuta, wewe ulizisikia dakika zake tatu. Zile saba alikuwa kimya, na kimya hakipiti ukutani. Karibu na mwisho mapumziko hupungua, sikufichi, na ndipo wengi wanaposema "siwezi tena". Mkunga mzoefu akilisikia neno hilo anavaa glavu, maana mara nyingi mtoto keshafika.

Unauma, mwanangu. Mtoto wangu wa mwanzo nililia mpaka nikaapa sitamtazama tena baba yake usoni. Nikamzalia wanne wengine.

Binamu yako hakukudanganya. Aliyochomwa inaitwa epidurali. Unakaa ukingoni mwa kitanda, unainama kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka, mtaalamu wa usingizi anakutia ganzi kwenye ngozi, halafu anaingiza sindano chini mgongoni mpaka kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaouzunguka uti wa mgongo. Sindano inatolewa. Kinachobaki ni mpira mwembamba, unene wake kama mshipi anaovulia mumeo, na dawa hupitishwa humo kidogo kidogo. Baada ya dakika 15 au 20 maumivu hupungua sana au hutoweka, na akili yako iko timamu. Ndiyo maana mwenzio aliweza kuandika meseji.

Mumeo anaogopa kupooza. Mwambie uti wenyewe kwa mtu mzima umeishia juu zaidi ya pale panapochomwa. Miguu inaweza kuwa mizito kwa saa kadhaa, na hapo ndipo uvumi unapoanzia, lakini dawa ikiisha miguu inarudi. Madhara ya kudumu kwenye mishipa ya fahamu ni nadra mno, mkunga anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu asilione. Yapo mengine ambayo si nadra: presha inaweza kushuka, kwa hivyo hupimwa kila mara; mwili unaweza kuwasha; unaweza kuhitaji mpira wa mkojo; kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi; na kiasi cha mtu 1 katika 100 hupata kichwa kikali kwa siku kadhaa baadaye, nacho kinatibika. Mtoto hadhuriki ikiwa presha ya mama inaangaliwa. Wala haimpeleki mtu kwenye kupasuliwa, ingawa nimelisikia hilo hata kwa watu wenye vyeti.

Jirani yenu yeye alichomwa ya aina nyengine. Ile ya kupasuliwa dawa hutiwa mara moja na kwisha kwa saa chache. Kiuno kinachouma miaka baada ya kuzaa kina sababu nyingi, ikiwemo mimba yenyewe, ndoo za maji, na kunyonyesha mtu kajikunja kitandani usiku kucha. Waliochomwa na wasiochomwa wote wanakishika hicho kiuno. Na huyo jirani aende akapimwe, si kukaa akiisingizia sindano.

Unaipata wapi? Hapo ndipo Muscat na Konde zinapoachana. Epidurali inataka mtaalamu wa usingizi awepo muda wote, mchana na usiku, vipimo vya presha visivyokatika, na watu wa kumpasua mama haraka ikibidi. Wataalamu hao ni wachache, na wakiwepo kazi yao ya mwanzo ni kuokoa wanaopasuliwa. Katika hospitali nyingi za umma nchini si huduma ya kila siku. Uliza kwenu, na kwa kuwa mama yako yuko Unguja mwambie naye akuulizie huko, za serikali na za binafsi, pamoja na bei. Lakini ulizeni wiki hii. Kama mtaamua uende ukazalie kwa mama, usingoje wiki ya 38 ndipo ukapande boti Mkoani, tumbo hilo, na bahari yenyewe unaijua.

Zipo nyengine ambazo watu hawazitaji. Iko pethidini, sindano ya pajani au takoni. Haiondoi maumivu, inayasogeza mbali kidogo. Utasinzia, na pengine utatapika. Ikitolewa mtoto yuko karibu kutoka, naye huzaliwa amesinzia na anaweza kuchelewa kuvuta pumzi. Kwa hivyo ukiiomba mkunga akakwambia "umechelewa", usidhani anakukomoa. Iko gesi, nusu oksijeni na nusu naitrasi oksaidi, ambayo mama hushika barakoa mwenyewe na kuvuta mara tu utungu unapoanza kupanda, maana inachukua kama nusu dakika kushika. Si kila leba inayo. Na iko ganzi ya kushonwa. Ukichanika, au ukiongezwa njia, una haki ya kutiwa ganzi kabla sindano ya uzi haijakugusa, na hiyo usiiombee haya. Sema, "Naomba ganzi," na ukisikia bado kunauma, sema tena.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 limesema mama mzima wa afya akitaka kupunguziwa maumivu apewe njia, ikiwemo hiyo epidurali, au sindano za aina ya pethidini, au kukandwa na kupumua. Akitaka. Mwongozo haukusema aliyechoka, wala aliyeshindwa.

Haramu? Mimi si mufti, ni mkunga mstaafu aliyekaa darsani kama wewe. Lakini fungua Surat Maryam usome utungu ulipomfikisha. Ulimpeleka kwenye shina la mtende, akasema laiti angelikufa kabla ya haya akawa kitu kilichosahauliwa kabisa. Maryam huyo! Na hakuambiwa anyamaze, mbona wenzake hawapigi kelele. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina, zimuangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Mimi kila nikiisoma naona leba iliyopangwa vizuri: maneno ya kumliwaza, maji, chakula, na kitu cha kushikilia. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwaambia waja wa Allah wajitibu. Mwenzako wa darsa ana haki kwamba maumivu humfutia muumini madhambi, lakini jino likimuuma mtazame kama hatafuti panadoli. Ukitaka fatwa yenye muhuri, Ofisi ya Mufti ipo, mumeo akaulize.

Wala mavyaa wako asidhani ni mjadala wa watoto wa siku hizi. Mwaka 1847 daktari wa Edinburgh, James Young Simpson, alipoanza kuwapa wazazi klorofomu, dawa ya kuvuta ya kupunguza maumivu, walikuwepo watu wa dini na madaktari wenzake waliosema mwanamke kaandikiwa kuzaa kwa utungu. Mwaka 1853 Malkia Victoria akaivuta alipokuwa akimzaa mtoto wake wa nane. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumwita mtu mvivu kwa jambo alilolifanya malkia.

Huyo mavyaa sasa. Usishindane naye, mwanangu, maana ndiye dawa yako ya karibu kuliko zote.

Nimefanya kazi na wanawake wa rika lake. Ni kweli walikuwa hawalii. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiokota kanga zao baadaye, na nikizikunjua nazikuta pindo zimetoboka kwa meno. Walikuwa wameambiwa kelele ni fedheha, wakaing'ata fedheha. Na jambo jengine hatulisemi tukiwa tunakuna nazi: waliozaa ndani salama wapo jikoni wanasimulia. Waliozaa ndani damu ikakataa kusita hawapo kusimulia. Saba wake ni neema aliyopewa, si sheria ya wengine.

Mikono inayokukanda miguu kila jioni ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa leba. Utungu ukipanda, mtu akiweka kiganja chini kabisa ya kiuno, pale juu ya makalio, akakandamiza kwa uzito wake na asikiondoe mpaka ushuke, unasikia tofauti kubwa. Kitambaa cha maji moto hapo hapo kinasaidia. Imechunguzwa katika nchi nyingi: mama mwenye mtu wake pembeni muda wote huzaa kwa njia ya kawaida zaidi, utungu wake hufupika kidogo, na huhitaji dawa kidogo. Basi kaa naye jioni moja akikukanda, umwambie, "Mama, nataka siku hiyo uwe na mimi, unishike kiuno." Utaona kama litatajwa tena neno uvivu. Uliza kliniki kama leba mtakayokwenda wanaruhusu msindikizaji ndani. Pengine wodi ni moja na hakuna mapazia, na wanakataa kwa ajili ya sitara ya wengine. Jueni kabla, msije mkagombana mlangoni.

Nyengine unaziweza peke yako. Usilale chali. Tembea, piga magoti ukaegemea kitanda, tikisa kiuno kama unacheza ngoma, hakuna anayekutazama. Oga maji moto utungu ukiwa mchanga. Utungu ukija toa pumzi ndefu kwa mdomo kama unayepoza uji, mabega yalegee, taya zilegee. Baina yake kunywa maji, kula tende.

Ama kelele. Hapa nina deni langu. Nilipokuwa kijana, zamu ya usiku, wazazi sita na sisi wawili, alikuwepo msichana wa mimba ya mwanzo akilia bila ya kusita. Nikamwambia lile neno ambalo wengi wenu mshalisikia: "Siku ya raha hukuniita." Wenzangu wakacheka. Yeye akanyamaza kweli, akanyamaza mpaka tukasahau kumtazama, na tulipomrudia mtoto alikuwa anatoka peke yake. Alhamdulillahi walitoka salama wote wawili. Lakini tangu siku ile mzazi akilia mimi najua yuko wapi. Anayenyamaza ndiye ninayemfuata kitandani. Lia, mwanangu. Hutamtia mtu aibu. Ila jaribu sauti iwe nzito, itokee tumboni. Ile nyembamba ya kooni inakaza mwili wote na inakuchosha.

Watakwambia uombe radhi kwa mumeo na wazee kabla ya kutoka. Omba, ni jambo zuri, na moyo unakuwa mwepesi. Lakini utungu ukichelewa, sababu ni mtoto alivyolala, au nyonga, au kizazi kinachokaza kivivu. Hauchelewi kwa sababu ya dhambi uliyoificha, na asikuweke mtu ndani kungoja uungame. Kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa mzazi, sina ugomvi nalo. Ninaloligombea ni ile mizizi ya kuchemsha ya "kuharakisha utungu". Hakuna anayejua kipimo chake. Inaweza kukikaza kizazi mfululizo, mtoto akakosa hewa, na kizazi chenyewe kikapasuka. Nimeliona hilo, sitalielezea kwa mtu mwenye mimba. Ukiletewa, pokea kwa adabu, kamwage.

Miguu inayojaa uliitaja kwa kupita tu, mimi ndiyo iliyonishitua. Mara nyingi si kitu katika wiki hizi, lakini nenda kesho ukapime presha na mkojo. Na ukiona kichwa kinauma sana, macho yana ukungu, mikono na uso umevimba, au tumbo linakuuma juu chini ya mbavu, usingoje siku ya kliniki. Damu kutoka, homa, maji ya rangi ya kijani, mtoto kupunguza kucheza, hayo nayo ni ya kutoka saa hiyo hiyo.

Yaliyobaki ni ya mumeo, msomee akirudi bahari.

Baba, mkeo hatapooza, na sindano unayoiogopa pengine hataiona. Kazi yako ni nyengine. Tafuta watu wawili ambao damu zao zinaweza kutolewa ikihitajika, uwajue kwa majina. Zungumza na mwenye gari kuanzia sasa, mkubaliane bei ya usiku, na uwe na namba ya wa pili, maana wa kwanza siku hiyo simu yake itakuwa imezimwa. Utungu ukija kila dakika tano kwa saa nzima, au chupa ikipasuka hata kama hakuna utungu, mnatoka. Ukiwa nje ya leba usimpigie simu mama yako kila dakika kumi kuuliza "bado?", mikono yake ina kazi. Na kuanzia wiki ya 37 usende dago, kuvua mbali na kulala huko huko. Vua karibu, urudi jioni, simu iwe na chaji, na hilo gari lilale na mafuta.

Bi Mkunga